Uwanja Wetu Mfupi

Nimekuwa mwenyekiti wa mashindano ya Agosti kwa muda mrefu hivi kwamba vijana wengine hudhani nilizaliwa na filimbi mdomoni. Nilifundisha shule ya msingi upande huu wa Kathonzweni mpaka nilipostaafu, na kama walimu wengi wa rika langu, napenda mstari ulionyooka. Mke wangu husema ningekuwa mchungaji ningepiga filimbi hata kwenye mazishi, mhubiri akizidisha dakika. Ananitania, lakini hajakosea sana. Mimi ni mtu wa sheria, na hapa nasimulia jinsi huko kupenda sheria kulivyokaribia kuyaua mashindano niliyoyalinda miaka yote hiyo.

Ni mashindano madogo. Timu nane, siku nne, kuanzia Alhamisi hadi Jumapili. Timu moja ni ya soko letu, mbili ni za vijiji vya jirani, mbili hutoka Kalamba, moja ni ya waendesha bodaboda wa mji wa Wote ambao hufika kwa kishindo na kuondoka kwa kishindo, na mbili hutoka Kitui, ng'ambo ya mto Athi. Hizo za Kitui ndizo zinazotufanya tucheze Agosti. Mwezi huo mto umepungua, mtu huvuka kwa miguu, viatu vya mpira vikining'inia shingoni, maji yakimfika magotini. Wakifika huanza kumtukana refa kabla hata ya mechi ya kwanza, nasi huwakumbusha kwamba usitukane mamba kabla hujavuka mto, na wao bado wana safari ya kurudi. Isitoshe, Agosti ndengu zimeshapurwa, mvua bado iko mbali, na watu wana nafasi. Tuliwahi kujaribu Desemba mara moja. Mvua ilinyesha Jumanne, na kufikia Alhamisi hakukuwa na mchezaji hata mmoja uwanjani. Walikuwa mashambani wakipalilia, na sikuwalaumu.

Watu wa mbali wakiniuliza ugumu uko wapi, hutarajia niseme pesa. Pesa ni shida, lakini si hiyo inayoua. Mpira mpya huingia kwenye kichaka cha migunga siku ya kwanza na kutoka umekonda. Wavu wa goli uliwahi kupotea mwezi mzima, nikaja kuukuta umefunika vifaranga nyumbani kwa mzee mmoja wa kanisa letu, naye akaniambia bila haya kwamba mwewe hawangoji Agosti. Jumamosi alasiri vijana hujazana kwenye kibanda cha video kutazama ligi ya Ulaya, wakibishana juu ya kipa wa nchi wasiyoijua, na kipa wetu wenyewe anaruka huku na huku hatua mia moja kutoka hapo bila mtu wa kumshangilia. Halafu kuna wagombea wa siasa. Mgombea akitoa jezi anataka kombe liitwe kwa jina lake, na akiangushwa kwenye uchaguzi, jezi zinageuka aibu, hakuna anayetaka kuonekana nazo. Nilipambana na mambo hayo kwa maneno makali na daftari la sheria, na nilijiona shujaa. Nilichosahau ni kwamba uwanja haukuwa wetu.

Uwanja ni wa mama mmoja mjane. Zamani palikuwa malisho ya ng'ombe wa mumewe, mtu aliyependa mpira kupita kiasi, na ndiye aliyetukaribisha tuucheze hapo. Alipofariki, sote tulishikwa na hofu, lakini mama hakutufukuza. Sote humwita mwaitu, neno la Kikamba la kumheshimu mzazi, hata mimi ambaye amenizidi miaka michache tu. Hakuwahi kuja kutazama mechi. Alitusikia tu kutoka jikoni kwake, nyuma ya uzio wa minyaa, na mpira ukiruka ukaingia kwake alikuwa akiurudisha kwa mkono, taratibu, kama anayerudisha sufuria ya jirani.

Alikuwa na sababu yake ya kutuvumilia. Ana mtoto mmoja tu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, kipa wa timu ya soko letu. Anafanya kazi Emali, kwenye barabara ya Mombasa, akiziba matairi ya malori. Emali si mbali. Ukiondoka huko asubuhi unakula chakula cha mchana kwenu, na ukaribu huo ndio uliomuuma mama. Mwanawe si mlevi wala si mtu mbaya. Hutuma pesa, hupiga simu, lakini miguu yake haimleti nyumbani isipokuwa mara moja kwa mwaka, wiki ya mashindano. Anafika Jumatano, analala kitandani alikolala akiwa mtoto, mama anamchinjia kuku, na kwa siku nne au tano nyumba ile inakuwa na sauti ya mwanamume. Si yeye pekee. Vijana wengi wa kwetu walioenda Wote, Machakos na Mombasa hurudi wiki hiyo. Mama zao huiheshimu Agosti kuliko Krismasi.

Sasa niseme kosa langu. Mwaka mmoja tulileta refa kijana kutoka Wote, mwenye cheti, aliyefika na utepe wa kupimia. Alipima uwanja wetu kutoka goli hadi goli, akakunja utepe wake polepole, akaniambia mbele ya makapteni wote, "Mwalimu, hii ground ni fupi. Hapa ni pa watoto wa nasari."

Makapteni walicheka mpaka wakashika magoti. Tulikuwa tumepungukiwa na hatua kama kumi na tano hivi. Nilikasirika wiki nzima. Mimi niliyemtoa mchezaji uwanjani kwa kuvaa soksi zisizofanana, kumbe miaka yote nimesimamia mashindano kwenye uwanja usiotimia!

Kilichotuzuia kurefusha uwanja kilikuwa kimoja. Nyuma ya goli la juu, upande wa mlimani, palikuwa na ukingo wa fanya juu. Mtoto yeyote wa Ukambani anajua maana yake. Unachimba mtaro ukikingama na mteremko, udongo unaurusha upande wa juu, linakuwa tuta, unapanda nyasi juu yake, na maji ya mvua yakiteremka mbio kutoka mlimani yanakutana na mtu wa kuyauliza yanaenda wapi. Chini ya uwanja kuna shamba la mama, na ukingo ule ndio uliolilinda. Yeye na mumewe waliuchimba pamoja na mwethya, kikundi cha kazi cha kijiji, leo kwangu kesho kwako, enzi nikiwa kijana. Mama yangu mzazi alikuwa kwenye kikundi hicho. Nakumbuka akirudi nyumbani jioni akiwa mwekundu kwa vumbi kutoka kichwani hadi miguuni.

Mwezi wa Septemba mgombea mmoja alileta trekta kukwangua barabara ya soko, akasema tunaweza kulitumia asubuhi moja. Mama alikuwa amevuka kwenda Kitui kumzika dada yake. Katibu wangu, kijana mwendesha bodaboda mwenye akili kunishinda, aliniuliza, "Mwalimu, si tumngoje mwenyewe arudi?"

Nikamjibu kwamba trekta halingoji. Haraka haraka haina baraka, nilikuwa nimewaandikia watoto ubaoni methali hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilisimama pale na kofia yangu, nikamwelekeza dereva kwa mkono, na kufikia saa nne ukingo ulikuwa umelala. Nilipima uwanja mwenyewe. Ulitimia, na nikapiga picha kwa simu nikamtumia yule refa.

Mama aliporudi alikuja moja kwa moja uwanjani, bado amevaa nguo za msiba. Akauliza, "Ukingo umeenda wapi?"

Nilimweleza habari za vipimo. Nilieleza kwa furaha, naona haya nikikumbuka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja, "Na maji?"

Nikamwambia tutachimba kamtaro kando ili yapite. Hatukuchimba. Kila wiki kulikuwa na sababu.

Novemba mvua ilikuja kwa hasira. Asubuhi ya pili nilisikia watu wakiitana, nikavaa viatu vya mvua nikaenda. Maji yalikuwa yameteremka kutoka mlimani, yameingia goli la juu bila kipa wa kuyazuia, yamepasua uwanja katikati, yametokea goli la chini na kuingia shambani kwa mama. Yalikuwa yamechimba korongo ambalo ningesimama ndani lingenifika kifuani. Ndengu zilikuwa zimekwenda, mahindi yamekwenda, na samadi aliyoibeba mgongoni tangu Agosti imekwenda. Mama alikuwa amesimama kwenye mdomo wa korongo, leso imefungwa kiunoni.

"Mwalimu," akaniambia bila kupandisha sauti, "na wewe umesoma."

Nimetukanwa na mashabiki wa timu nane, lakini hakuna tusi lililowahi kuniingia kama hilo.

Tulienda kuomba msamaha, mimi, katibu na mchungaji wetu. Alitupikia chai, akatuletea na viazi vitamu. Mchungaji alipomaliza kuomba, mama akasema, "Mimi ni Mkristo, nimewasamehe. Lakini uwanja nimefunga."

Mchungaji alitaka kuendelea na andiko jingine, mama akamwongezea chai. Mwezi wa Machi alileta ng'ombe na plau, akalima uwanja wote kando ya korongo, akapanda ndengu kufidia zile zilizokwenda na maji. Mistari ya ndengu ilipita katikati ya duara la kati. Ziliota vizuri sana, na kila nilipopita njia ile nilitazama upande mwingine.

Agosti ilipokaribia tulihangaika. Uwanja wa shule ulikuwa umejaa mchanga na kokoto za madarasa mapya. Kalamba walikubali kutupokea, lakini watu wa Kitui wakasema wakishavuka mto hawana miguu ya kutembea mpaka huko. Watu wa bodaboda wakaanza kuuliza jezi mpya ziko wapi. Mwisho wake hakukuwa na mashindano. Sikuwahi kujua Agosti ni ndefu hivyo. Jumapili ya mavuno kwaya ya vijana ilikuwa na waimbaji watano, na wawili kati yao walikuwa na wajukuu. Kinyozi wa sokoni, ambaye wiki hiyo hukosa hata nafasi ya kula, alilala kwenye kiti chake cha kunyolea. Nilikuwa nikiamka saa kumi na mbili kama kawaida yangu, nikaoga, nikavaa, halafu sina pa kwenda. Mke wangu hakunitania, na hapo ndipo nilipojua kwamba hali ni mbaya.

Siku moja ya mwisho mwisho wa mwezi huo mama alibisha hodi kwangu asubuhi. Nilimpa kiti, akakataa chai.

"Mwalimu, Agosti imeisha."

"Imeisha, mwaitu."

"Huyu wangu hajakuja. Nimempigia simu. Ananiambia, mama, si hakuna mpira mwaka huu, nitakuja Krismasi. Halafu akanitumia pesa." Alitazama mikono yake. "Pesa imekuja. Mtu hajakuja."

Mwaka mzima nilidhani anayeadhibiwa ni mimi peke yangu.

"Nilitaka wewe ndio uumie," akasema. "Kumbe ni mimi."

"Nimeumia pia, mwaitu. Usiwe na wasiwasi, nimeumia vizuri."

Alitabasamu kidogo, halafu akainuka na kutoa masharti akiwa amesimama. Ukingo urudi. Urudi kwa jembe, si kwa trekta. Timu zote zichimbe, na mimi nianzie pale trekta lilipoanzia. Korongo lijazwe. Likifanyika hilo kabla ya mvua, na mvua ikija ukingo ukasimama, yeye atavuna ndengu zake za msimu mmoja zaidi kisha atatupa uwanja.

Nilituma ujumbe kwa timu zote nane, na sitaficha kwamba nilitarajia watu kumi. Siku yenyewe wa kwanza kufika walikuwa wanawake wa mwethya, na majembe, sururu na makarai yao, wakicheka tangu mbali. Hawakuwa wameitwa. Walisema wamekuja kuona kama wacheza mpira wanajua jembe linashikwa upande gani. Vijana wetu walifika mmoja mmoja, wakijikuna. Wa Kalamba walijaza pikapu. Wa bodaboda hawakuja, walituma salamu kwamba mafuta yamepanda.

Kwenye saa tatu tuliona mstari wa watu ukitokea njia ya mtoni. Ni wale wa Kitui, zaidi ya ishirini, suruali zimekunjwa, na safari hii mabegani hawakubeba viatu vya mpira bali majembe. Uwanja mzima ulipiga kelele. Katibu wangu akawatania, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyinyi mbona mmeanza na ya tatu?"

Kapteni wao akaweka jembe chini. "Tukiacha huu mpira, tutavuka mto kuja kufanya nini huku kwenu? Kwani huku kuna nini?"

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Nami nilicheka, nikachukua jembe.

Nilianzia pale trekta lilipoanzia. Kabla ya saa nne viganja vyangu vilikuwa vimetoka malengelenge, na mama mmoja wa rika langu aliniondolea jembe mkononi akasema, "Mwalimu, shika karai." Nikashika karai. Mwenye uwanja alikuwa akitembea mbele yetu na kamba na vijiti, akituonyesha mstari. Hakuuweka pale ukingo wa zamani ulipokuwa. Korongo lilikuwa limekula ardhi ya juu, kwa hiyo aliusogeza ndani ya uwanja hatua nane nzima. Nilihesabu moyoni. Uwanja ungekuwa mfupi kuliko ulivyokuwa siku refa alipoupima. Nilifungua mdomo, mama akanitazama, nikaufunga.

Mwanawe hakuja kuchimba. Mama alikuwa amempigia simu, naye akasema bosi amekataa. Mama hakumlalamikia mtu yeyote, lakini kila pikipiki iliponguruma njiani aliinua kichwa, akatazama, kisha akarudi kwenye kamba yake. Nilimwona mara nne, na baada ya hapo sikutaka kuona tena.

Novemba mvua ilipoanza nilitoka na mwavuli, nikaenda kusimama kwenye ukingo mpya. Maji yaliteremka mlimani kwa mbio zile zile, yakaingia mtaroni, yakatulia humo, mekundu, yakazama polepole ardhini. Shamba la chini halikuguswa. Nililia kidogo, na kwa kuwa kulikuwa na mvua hakuna aliyejua mpaka leo ninapoandika.

Basi Agosti iliyofuata tukarudi. Ndengu zilikuwa zimevunwa, uwanja umesawazishwa kwa majembe, ingawa matuta ya plau yalisikika bado chini ya kiatu na mpira ulidunda upande usiotarajiwa. Timu zote nane zilifika, hata ya bodaboda, mafuta yakiwa bado yamepanda. Yule refa wa Wote alikuja pia, akaanza kuchomoa utepe wake. Nikamwambia aurudishe mfukoni.

Mwana wa mama alifika Jumatano, na moshi wa jikoni kwake ulitoka mpaka jioni. Alhamisi timu yetu ya soko ilipangwa kufungua na timu moja ya Kitui. Ilikuwa mechi nzuri, sare mpaka dakika za mwisho. Kisha mchezaji wao akapiga mkwaju dhaifu, wa kumpasia mtoto, mpira ukadunda kwenye tuta la plau, ukapita katikati ya miguu ya kipa wetu. Watu walicheka hadi ng'ambo ya barabara. Tulitolewa. Sheria yangu ya tangu zamani ni kwamba ukishindwa unaenda nyumbani, na nilikuwa nikijivunia kwamba sijawahi kuipinda kwa ajili ya mtu yeyote, hata timu ya soko langu.

Jioni hiyo, nikikunja wavu, mama alikuja akasimama kando yangu. Alishika ncha moja ya wavu akanisaidia kukunja.

"Mwalimu, hawa si wapewe mechi nyingine?"

"Wamefungwa, mwaitu. Wametoka."

"Huyu wangu anasema ataondoka kesho. Bosi amempa mpaka Jumatatu, lakini anasema sasa atakaa kufanya nini." Aliongeza kwa sauti ya chini, kama anayeungama, "Nimefua nguo zake zote, hata zile safi. Hawezi kwenda na nguo mbichi. Hiyo inanipa kesho. Jumamosi nitamwambia nini?"

Nilisema kwamba sheria ni sheria, halafu nikajisikia mwenyewe nikiisema. Mama alimaliza kukunja upande wake, akaniwekea mikononi, akaenda zake.

Ijumaa asubuhi, kabla ya mechi ya kwanza, nilipiga filimbi nikatangaza kwamba timu zilizotolewa Alhamisi zitacheza tena Jumapili, baada ya ibada, kabla ya fainali. Timu itakayokosa itafungiwa mwaka ujao. Kelele zilizotokea! Katibu alinivuta kando. "Mwalimu, hiyo sheria iko wapi?"

Nikamwonyesha daftari. Wino ulikuwa bado mpya. Alisoma, akatazama nyumba ya mama, akatazama nguo zilizojaa kwenye uzio wa minyaa, akanirudishia daftari. Kipa mwenyewe alinifuata akilalamika kwamba yeye alitaka kurudi kazini. Nikamwambia ana uhuru wake, ila wenzake kumi watafungiwa kwa sababu yake. Akaondoka akinung'unika, na akabaki.

Jumapili mahubiri yalikuwa marefu, kwa hiyo mechi ya walioshindwa ilianza saa nane u nusu. Soko letu lilipangwa na bodaboda wa Wote. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu mumewe atukaribishe, mama alikuja kutazama. Alivaa nguo zake za kanisani, akaketi juu ya ukingo, nyuma ya goli la mwanawe. Kipindi cha pili, timu zilipobadilishana upande, alivuka uwanja mzima kwa miguu kumfuata kwenye goli la chini, akitembea kandokando ya mstari bila haraka. Nikaenda nikaketi naye. Tulikuwa tumeshafungwa matatu, nami niliona vibaya kwa niaba yake.

"Mwaitu, wanafungwa hawa."

"Naona."

Lakini hakuwa akitazama mpira. Mpira ulikuwa upande wa pili, watu wote wamegeuza shingo huko, na yeye alikuwa akimtazama mwanawe akiwa peke yake golini, akivuta soksi, akinywa maji, akijipangusa uso kwa jezi.

"Zimebaki dakika ngapi?" akaniuliza.

"Kumi hivi."

"Kuna lori anajuana na dereva. Linapita hapa sokoni saa kumi u nusu, linaenda Emali kupitia Wote. Ameshafunga begi." Alisema hayo bila kuniangalia. Kisha akaweka mkono wake kwenye mkono wangu, mkono wenye sugu za jembe. "Ongeza, Mwalimu."

Nilitazama saa yangu. Niliinuka, nikatembea mpaka kwenye mstari, nikamwita yule refa mwenye cheti.

"Ongeza dakika," nikamwambia.

"Niongeze ngapi?"

"Mpaka nikuonyeshe mkono."

"Na hiyo iko kwa sheria gani?"

"Ya hapa."

Alinitazama kama mtu aliyepoteza akili, lakini mwenyekiti ni mwenyekiti. Dakika tisini zilipita, zikapita nyingine kumi, wachezaji wa fainali wakaanza kupiga kelele kwamba jua linakwenda, watu wa Kitui wakanitukana kwa Kikamba na kwa Kiswahili, nami nikasimama pale mikono mfukoni. Kisha lori likapiga honi sokoni. Likapiga mara ya pili, refu. Kipa wetu aligeuza kichwa kulitafuta kwa macho, mpira ukampita begani, bao la nne. Honi haikurudi tena, na tukasikia gia ikibadilishwa, lori likipanda mlima kuelekea Wote.

Nikamwonyesha refa mkono. Nilipogeuka nyuma, mama alikuwa ameshainuka, anavuka uzio kwenda kuweka chai jikoni.